Nani Kasema Ngome ni ya Wareno?

Rai ninayoipinga hapa husemwa na watu wenye nia njema, na pengine ndiyo sababu imeenea bila kuhojiwa. Utaisikia kwa waongoza watalii, kwa walimu wa historia, kwa waandishi na kwa wakubwa wa idara za utamaduni, kila linapotajwa jengo la kale la pwani. Kwamba jengo la kihistoria lina sura moja ya kweli, ile aliyoikusudia mjenzi wake, na kazi moja ya kweli, ile lililojengewa. Kwamba waliokuja baadaye waliliingilia: walioongeza kuta waliliharibu, waliolala ndani walilichakaza, waliolifanya gereza au bohari walilivunjia heshima. Wajibu wetu, kwa mujibu wa rai hii, ni kuliondolea jengo madoa hayo, kulisogeza karibu na siku yake ya kwanza, kisha kulipumzisha lisiwe na kazi tena ila kutazamwa.

Mfano wao mkubwa ni Ngome ya Yesu ya Mombasa. Nami nitabaki hapo hapo, kwa sababu sioni jengo linaloikanusha rai hii waziwazi zaidi.

Kwanza niitendee haki. Ngome hii iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 kwa kuwa ni miongoni mwa ngome za Kireno za karne ya 16 zilizohifadhika vizuri zaidi, na ramani yake, inayofuata vipimo vya mwili wa binadamu kama walivyoamini wasanifu wa Italia wa zama zile, ni kazi adimu ya akili. Ni kweli pia kwamba kila mkaaji mpya alibomoa kitu, na kwamba askari na wafungwa hawakuwa na haja ya kuchunga lipu ya karne iliyotangulia. Na kama jengo lisingetangazwa kuwa la kuhifadhiwa mwaka 1958, leo tungekuwa na kitu pungufu sana. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwa sababu linatugharimu vitu ambavyo hatujavihesabu.

1. Asili ya mwaka gani?

Wanaotaka ngome ibaki na asili yake hawajatuambia asili hiyo ni ya mwaka upi.

Ujenzi ulianza 1593, na kufikia 1596 sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa dola ya Kireno upande wa India. Mfalme aliyekuwa na amri alikuwa Filipo, ambaye ndiye huyo huyo mfalme wa Hispania, kwani tangu 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya taji moja. Waashi waliletwa kutoka India, vibarua kutoka Malindi, na jiwe lenyewe ni tumbawe la Mombasa, ndugu wa mwamba ambao ngome imeukalia. Mwenye kusema "waliojenga ni Wareno" anamtaja aliyeamuru na kuwasahau waliobeba mawe. Huo ni uchaguzi, na umefanywa kabla hata mgeni hajavuka lango.

Kisha ngome haikukaa na sura ile hata miaka arobaini. Mwezi Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyepelekwa Goa akiwa mtoto na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akawamaliza Wareno wa mji. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na merikebu kuirudisha ngome, wakashindwa. Walirejea tu baada ya Yusuf kuondoka kwa hiari yake. Fikiria maana ya jambo hilo: ngome iliyochorwa na fundi wa Milano ili kuwalinda Wareno ilishikwa na mtu wa pwani, na Wareno ndio waliojikuta nje ya kuta zao wenyewe wakizipiga mizinga bila mafanikio.

Waliporudi, wakaijenga upya sehemu ya lango. Yale maandishi ya Kireno yaliyo juu ya lango, ambayo kila mgeni husimamishwa chini yake kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa cha jengo, ni ya miaka ya 1630. Yaliwekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kujisifu jinsi alivyoitiisha pwani baada ya uasi ule. Kwa hiyo mwenye kutaka ngome ya 1596 hana budi ayang'oe. Na akiyaacha, amekwisha kukubali kwamba aliyekuja baadaye ana haki ya kuacha alama yake juu ya jengo. Hapo swali linalobaki ni kwa nini haki hiyo iwe ya kapteni Mreno, isiwe ya liwali wa ukoo wa Mazrui uliotawala humo baadaye, wala ya mfungwa wa 1930, ngome ilipokuwa gereza.

Twende mbele zaidi. Baada ya kuitwaa ngome mwaka 1698, Waarabu wa Oman walizipandisha kuta, wakaziinua buruji, wakatoboa tundu za bunduki, kwa kuwa vita vilikuwa vimebadilika na adui hakuwa tena yule wa Cairati. Ukiitazama ngome kutoka mkondo wa bahari, sura ile nzito inayochapishwa kwenye kadi na vitabu vya watalii, sehemu ya juu yake ni kazi yao. Watetezi wa asili wanaipenda ngome kwa sura ambayo, kwa kanuni yao wenyewe, ni uharibifu. Sijapata kumsikia hata mmoja wao akidai kuta zishushwe. Nadhani ni kwa sababu hawajui kwamba wanachokisifia si cha yule wanayemsifu.

2. Nani alikaa muda gani

Wareno waliishika ngome tangu 1593 hadi Desemba 1698, ukiondoa miezi ya Yusuf. Walirudi mwezi Machi 1728 wakafukuzwa Novemba 1729. Jumla yake ni zaidi kidogo ya miaka mia moja. Tangu 1698 hadi 1895, ukitoa ule mwaka na nusu, ngome ilikuwa mikononi mwa Oman, kisha mwa Mazrui, kisha mwa masultani wa Zanzibar: karibu miaka mia mbili. Ikaja miaka 63 ya gereza la Waingereza. Sasa imekuwa makumbusho kwa miaka zaidi ya sitini. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Aliyekaa robo ya umri wa nyumba ndiye aliyepewa nyumba nzima.

Hata ile robo yake haikuwa yake peke yake. Kuzingirwa kwa ngome kulikoanza Machi 1696 kulichukua miezi 33. Husimuliwa kama pambano la Wareno na Waarabu, majeshi mawili ya wageni yakigombania mwamba. Lakini njaa na maradhi vilipowamaliza askari wa Kireno, mtu aliyeishikilia ngome kwa muda katika mwaka 1697 alikuwa Daud, mtoto wa kifalme wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache wake kwa waume waliokuwa ndani. Watu wa pwani walikuwa pande zote mbili za ukuta. Huo ni mkasa mkubwa, wenye maswali mazito kuhusu nani alikuwa rafiki wa nani na kwa bei gani, na sisi tunaupita mbio ili tufike kwenye mizinga.

Kisha njoo kwa Mazrui. Kuanzia 1741 hadi 1837 Mombasa ilikuwa chini ya ukoo huu uliotoka Oman na kukataa kuitii Oman. Walikaa ngomeni, wakahukumu ngomeni, wakauana na kuoneana wivu ngomeni. Chumba chao cha baraza kipo, chenye mabaraza ya mawe na maandishi ya karne ya 18. Mwaka 1824 walimwomba kapteni Owen wa Uingereza bendera ili kumzuia Seyyid Said, mtawala wa Oman, na bendera ile ikapepea juu ya ngome hadi 1826. Siasa hizo ndizo zilizomlisha Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, mshairi ambaye bila yeye fasihi ya Kiswahili ingekuwa maskini. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anasoma Muyaka darasani. Ni wangapi wameambiwa kwamba mzozo anaouimba ulikuwa na nyumba, na nyumba hiyo bado imesimama na mtu anaweza kuketi kivulini mwake?

Hii ndiyo gharama ya kwanza iliyofichwa. Tukishasema ngome ni ya Wareno, tunakuwa tumemwambia mtoto wa Mombasa kwamba historia kubwa iliyofanyika mjini kwake ilifanywa na watu wengine, na babu zake walikuwa watazamaji. Mtoto huyo atalipia tiketi kwenda kutazama mambo ya wageni katika ardhi yake, atatoka, na hatakuwa na sababu ya kurudi.

3. Eti waliokaa ndani waliliharibu

Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi, nami nitakaa nayo.

Jengo la pwani ni jiwe la tumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Tumbawe lina matundu, linakunywa maji. Mvua ya masika inaingia, chumvi ya bahari inaingia, jua linakausha, chumvi inatoka na kipande cha ukuta. Dawa yake ni lipu ya chokaa, na lipu ya chokaa haina umilele: lazima irudiwe, tena na tena, na mtu aliye karibu. Ufa ukionekana leo uzibwe wiki hii, kwa sababu ukisubiri masika mbili mbegu ya mtini itakuwa imeota ndani yake, na mzizi wa mtini hauna huruma na ukuta. Dari ikivuja, boriti zinaoza, na boriti zikioza dari inashuka yote. Kila fundi wa Mji wa Kale anajua haya, na anajua kwamba saruji si mbadala, kwa sababu saruji inayafungia maji ndani na kuulisha ukuta chumvi yake yenyewe.

Sasa nani anayeuona ufa siku ya kwanza? Anayelala chini yake. Liwali, askari, mpishi wa kambi, hata askari jela, hawakuipenda ngome kwa ajili ya historia. Walitaka wasilowe. Kutaka huko ndiko kulikoiweka ngome ikiwa imesimama kwa zaidi ya karne nne.

Linganisha na majengo yaliyopata lile pumziko ambalo wapinzani wangu wanalitamani. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilikuwa kasri kubwa kuliko lolote katika pwani hii. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, haikumalizika, ikaachwa. Hakuna aliyeigeuza gereza, hakuna aliyeipandisha kuta, hakuna aliyeipaka rangi mbaya. Leo ni magofu yasiyo na paa juu ya jabali. Gedi, karibu na Malindi, ulikuwa mji mzima wa mawe, wenye msikiti wa Ijumaa, kasri na nyumba za matajiri. Watu walipohama katika karne ya 17 msitu uliingia mlangoni na kutokea darini. Ni mahali pazuri sana, na mwaka 2024 nao uliingizwa katika Urithi wa Dunia, lakini hakuna mtu anayeweza kuingia chumba cha Gedi na kukaa chini ya dari yake.

Na tusijidanganye kwamba kutangaza jengo kuwa makumbusho kunamaliza kazi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliwahi kuwa jumba la sherehe za kifalme, kisha ofisi za serikali ya Waingereza, kisha mahali pa masomo ya chama baada ya Mapinduzi, na mwishoni makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ilibomoka, watu wakazuiwa kuingia. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, upande mkubwa ulianguka na wafanyakazi wawili wakafariki. Sidai kwamba kukosa wakaaji peke yake ndiko kulikoiangusha. Kuta zile zilikuwa na maradhi ya muda mrefu. Nadai kwamba jina la makumbusho halikuizuia kuanguka, na kwamba jengo lile lilichukua kazi nyingi zilizotofautiana kwa zaidi ya miaka mia likiwa limesimama.

Wapo watakaosema: basi unataka ngome zetu ziwe maghala na mabaa. Hapana. Kuna kazi zinazoua jengo, na anayetaka kupasua ukuta wa karne ya 16 apitishe bomba la kiyoyozi azuiwe na sheria. Lakini kizuizi cha kazi mbaya hakijawahi kuwa sababu ya kukataza kazi zote.

4. Gereza

Nimefika mahali ambapo rai hii inanikera hasa.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake hapa, na mwaka huo huo ngome ikafanywa gereza. Katika mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliingia vitani na Waingereza, vita vilivyokwisha mwaka uliofuata kwa yeye kukimbilia upande wa Wajerumani. Kwa hiyo nyumba ambayo Mazrui walitawalia iligeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu na dola ile ile iliyokuwa ikiuvunja ukoo wao. Ikabaki hivyo hadi 1958. Miaka 63 watu wa pwani na wa bara waliingizwa kwa lango lile, wakafungiwa nyuma ya kuta ambazo safari hii hazikuwa na kazi ya kuzuia adui wa nje.

Katika masimulizi ya kawaida miaka hii ni sentensi moja. Iligeuzwa gereza, ikaokolewa, ikarejeshwa. Neno "ikaokolewa" linaweka gereza upande wa maafa yaliyolipata jengo, pamoja na mvua na mawimbi, kana kwamba maafa yale yaliukuta ukuta na hayakuwakuta watu.

Tazama ni nani aliyeamua hivyo. Gereza lilifungwa 1958, ua ukasafishwa, vibanda vya gereza vikaondolewa, uchimbuzi ukaanza chini ya James Kirkman kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Kirkman alikuwa mchimbuzi hodari na tunamdai shukrani kwa Gedi na kwa mengi mengine. Lakini Kenya ya 1958 ilikuwa bado koloni, hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na kambi za kizuizini zilikuwa bado na watu. Mwezi Machi 1959, wakati matayarisho ya makumbusho yakiendelea Mombasa, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa huko Hola, pwani hii hii, katika kambi ya serikali ile ile. Serikali iliyokuwa ikifunga watu ndiyo iliyoamua kwamba sehemu ya jengo inayostahili kuhifadhiwa ni ile ya karne ya 16, na kwamba sehemu ya kuondolewa ni ile iliyoitumia yenyewe kufungia watu. Kitabu kikubwa cha Kirkman kilichotoka 1974 kinaiita ngome, katika anwani yake, ngome ya Kireno. Sisi tulipata uhuru 1963 na tukaurithi uamuzi huo mzima mzima. Tumeukariri tangu hapo kana kwamba ni wetu.

Nataka mtetezi wa asili asimame mbele ya kitu kimoja kilichomo ndani ya ngome, kisha anijibu. Kwenye ukuta mmoja wa ngome ilipatikana michoro ya askari na mabaharia wa Kireno wa karne ya 17: merikebu, watu, samaki, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Imehifadhiwa kwa uangalifu na huonyeshwa kwa fahari, na ni haki. Iangalie kwa karibu. Mkono uliochora ulikuwa wa mtu aliyechoka na zamu, aliyekuwa mbali na kwao, pengine mgonjwa, na aliyeichora merikebu kwa kuwa ndicho chombo ambacho kingemrudisha. Mistari inapishana, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa walichora kwa nyakati mbalimbali bila kujali aliyetangulia. Siku ile mkuu wa zamu angeiita uchafuzi wa ukuta, na angekuwa na haki kama walivyo na haki wapinzani wangu.

Sasa mfungwa wa mwaka 1920 naye alikuwa mbali na kwao. Naye alikuwa na ukuta mbele yake na siku za kuhesabu. Kwa kanuni gani mkaa wa yule ni hazina na alama ya huyu ni doa la kupakwa chokaa? Kama jibu ni umri, basi umri unakuja wenyewe, ilimradi tusifute. Kama jibu ni kwamba yule alikuwa Mreno katika ngome ya Kireno na huyu alikuwa mfungwa tu, naomba lisemwe kwa sauti ili tulisikie.

Gharama ya pili iliyofichwa iko hapa, na ni ya haraka. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1958 sasa ana karibu miaka 90. Wapo bado Mombasa, Kilifi na Kwale watu waliokuwa vijana gereza lilipokuwa likifanya kazi, waliopita chini ya kuta zile wakijua ndani kuna nani. Kila mwaka wanapungua. Vyungu vilivyovunjika vya kale kutoka Gedi, Manda na Ungwana vimepata kabati zao ndani ya makumbusho ya ngome, na vitakuwepo mwakani. Wazee hawatakuwepo.

5. "Lakini wageni wanataka Wareno"

Husemwa hivyo, na husemwa kwa ujasiri. Lakini mifano ya kwingine inakataa. Huko Johannesburg kuna ngome iliyojengwa na serikali ya Rais Kruger katika miaka ya 1890, ikawa gereza kwa muda mrefu, gereza ambamo Gandhi na Mandela wote wawili waliwahi kufungiwa. Afrika Kusini haikuirudisha kwenye utukufu wa Kruger. Ilijenga Mahakama ya Katiba pale pale, ikafunguliwa Machi 2004, na katika kuta zake wakatumia matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Watu wanakwenda. Na Robben Island, ambacho kilikuwa kisiwa cha wakoma na kituo cha jeshi kabla na katikati ya kazi yake ya gereza, kinajaza boti siku hadi siku kwa ajili ya chumba kimoja kidogo chenye jamvi, alimofungwa Mandela. Mgeni hakosi hamu ya ukweli wa gereza. Anakosa mtu wa kumwambia.

6. Kazi ya leo

Hatuhitaji kwenda mbali kuona ngome inayoishi. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821, nayo ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Ilipokabidhiwa kwa makumbusho ikapata maktaba na kumbi ambazo watu wa mji wanazitumia, na uwanja ulio mbele yake umebaki kuwa baraza la Lamu nzima: punda, wachuuzi, wazee chini ya miti. Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, ilikuwa kambi, ikawa gereza, ikawa karakana ya reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, ikawa klabu ya akina mama katika miaka ya 1940. Kwa miaka mingi tamasha la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara yamefanyika humo. Hakuna aliyelalamika kwamba ukumbi wa muziki umeidhalilisha ngome, na mwanamuziki wa Ng'ambo anaijua kutoka jukwaani.

Ngome ya Mombasa nayo si kwamba imelala kabisa. Ina wataalamu wazuri, hupokea wanafunzi, na usiku huwashwa taa kwa maonyesho. Mapambano yake na mawimbi yanayokula mwamba ulioibeba ni ya kweli, na ukuta wa kuzuia bahari ulibidi ujengwe. Lakini shughuli nyingi za humo zinamkuta mtu wa Mji wa Kale akiwa mgeni. Anaishi hatua chache kutoka langoni, na hana neno la kumwingiza ndani kwa jambo linalomhusu.

Ninachodai ni mambo ya kufanyika. Chumba cha baraza cha Mazrui kirudishiwe mazungumzo: mashairi ya Muyaka yasomwe pale, malumbano ya washairi wa leo yafanyike pale, kwa Kiswahili, bila tiketi. Kikosi cha vijana kifunzwe humo humo ndani kuchoma chokaa, kulainisha lipu na kuchagua boriti, ili ukarabati wa ngome uwe chuo cha mafundi na ukuta upate mtu wa kuuona ufa siku ya kwanza. Mwongozo wa mgeni uandikwe upya, utaje kuta zilizopandishwa na Oman mahali zilipo, uonyeshe pale kazi ya Cairati inapoishia na ya wengine inapoanzia, uwataje Daud wa Faza na waashi wa India, ueleze kwamba maandishi ya langoni ni majigambo ya mtu aliyerudi baada ya kushindwa.

Na gereza lipewe mahali pake panapoonekana. Ripoti za magereza za serikali ya kikoloni ziko katika Nyaraka za Taifa Nairobi, nyingine ziko London. Zisomwe, majina yatafutwe, watu waliowahi kuwa ndani au waliokuwa na ndugu zao ndani wafuatwe majumbani na kurekodiwa, kuanzia walio wazee zaidi, mwaka huu.